Vipande vya Manjano

Bumula,
17 Mei 2025

Kwa Jeruto,

Hujambo? Natumaini u mzima, na mama yako na kuku wake ni wazima. Mimi sina ugonjwa. Nimekusalimu kwa sababu ndivyo barua inavyoanza na sitaki useme sina adabu. Salamu zimeisha.

Kifurushi chenu kilifika jana kwa pikapu ya binamu yangu Tonny, yule anayepeleka ndizi soko la Kitale kila Ijumaa. Nilikipokea kwa furaha. Nilidhani Mama Kigen amenitumia uzi ili niendelee kufuma vipande vyangu vya blanketi letu la Jumamosi huku niliko. Kukhu, nyanya asiye na subira, alikata kamba kwa kisu cha mboga, nikatoa karatasi, nikaona rangi ya manjano.

Vilikuwa vipande vyangu vyote vya blanketi. Hata kile chenye kosa kwenye kona, ulichokishika wewe siku niliyokuwa na homa ukaruka kitanzi halafu ukaapa ni mtindo mpya. Mmevitoa katika blanketi, mmevishona pamoja kuwa shali, mmetia matamvua meupe pembeni. Jirani aliyekuwa amekaa na Kukhu akacheka akauliza ni nani anayeolewa. Juu ya shali kulikuwa na karatasi ya Mama Kigen: "Nabwile, kila mtu na safari yake. Mungu akutangulie. Sisi wa Jumamosi."

Mistari mitatu tu, na kutoka kwako hakuna hata mmoja.

Jeruto, nieleze. Najua niliondoka ghafla. Mambo yalifuatana wiki ile, na Kukhu aliwapigia simu akawaeleza, kwa hiyo sababu mnaijua. Kuondoka Kitale ni kosa la kumfanya mtu atolewe? Sisi sote tulikuwa pale kwenye veranda ya Mama Kigen siku alipotuambia kwamba mke wa mwanawe Kigen atajifungua mwezi wa nane. Alisema kila mwanamke mwenye kipande katika blanketi hilo atakuwa senge wa mtoto. Mimi nilifurahi kwa sababu kwetu Wabukusu shangazi ni senge na kwenu Wakalenjin pia ni senge, nikaona hilo ni neno ambalo hakuna atakayeninyang'anya. Unakumbuka Gathogo alipoambiwa yeye atakuwa "mama" alivyokunja uso? Alisema hakufuga masharubu miaka yote hiyo ili aitwe mama, mpaka ukamweleza kwamba kwa Kikalenjin mama ni mjomba. Tulicheka hadi chai ikamwagika kwenye nduma zake.

Nilikuwa pale. Nilikuwa na mahali pangu, kati ya vipande vyako vya kijani na vya Gathogo vya kahawia. Sasa kuna nini hapo? Mmemtia nani?

Ungeweza kunikasirikia usoni. Kunifumua nisipokuwepo ni uoga.

Wako,
Nabwile Wekesa

*

Kitale,
24 Mei 2025

Nabwile,

Niaje. Sisi wazima. Kuku wazima. Nimeona umeandika majina mawili pale chini, kama mtu anajaza fomu. Miaka yote umekuwa ukisaini "pacha wako", kwa sababu tulijifunza kufuma kwa jozi moja, sindano moja mimi nyingine wewe. Sawa. Kama ni hivyo basi ni hivyo.

Ati wewe ndiye umekasirika. Wewe!

Wacha nikuambie venye ilikuwa huku. Jumamosi hiyo tumekaa, mimi nimeleta mahindi ya kuchemsha, Mama Kigen ametoa kibuyu cha maziwa ya mursik, tunakungoja wewe na njugu zako. Simu ya Mama Kigen inalia. Ni kukhu yako. Mama Kigen anaweka sauti kubwa ndio sote tukusalimie. Kukhu yako anasema, na ninakumbuka kila neno, "Nabwire hatakuja tena Jumamosi. Tumepata mahari mzuri huku Bumura. Wamempokea vizuri sana. Ni karibu na nyumbani."

Mahari, Nabwile. Mahari nzuri. Na watu wenyewe wamekupokea.

Gathogo aliweka sindano chini. Mama Kigen alisema asante kwenye simu, akaanza kukusanya vikombe. Mimi sikulia hapo. Nililia njiani, nyuma ya maghala ya mahindi, ambapo hakuna mtu ananijua.

Na usiniambie eti tulisikia vibaya. Tonny alipokuja Ijumaa na ndizi nilimuuliza mimi mwenyewe, "Ni kweli Nabwile amepata mahari?" Akacheka, akasema, "Kweri kabisa, amepata mahari, tena bahati, maana katikati ya mwaka si rahisi." Akanipa ndizi moja ya bure. Nilimtupia.

Wewe ndiye ulikuwa unasoma kitabu hata ukihesabu vitanzi. Wewe ndiye ulikuwa unaniambia mimi "si blanketi yetu, ni blanketi letu". Uliniambia utaenda chuo kikuu na mimi nitakufumia sweta ya huko kwa baridi. Halafu unakubali mwanaume, na hata kuniambia huniambii, unamwachia nyanya yako aseme kwa simu mbele ya watu. Halafu unaniandikia juu ya karatasi ya daftari ya shule. Ulibeba madaftari yako uende nayo kwa ndoa ukaandikie barua?

Shali ilikuwa wazo la Mama Kigen. Mimi nilikataa kushona. Sikuandika mstari wowote kwa sababu mistari niliyokuwa nayo haifai kwa kadi.

Sasa vaa shali yako.

Jeruto Kemboi

*

Bumula,
30 Mei 2025

Jeruto Kemboi,

Hujambo. Sijambo. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, nikaisoma mara ya tatu nikiwa darasani, chini ya dawati, katika somo la Biolojia, kidato cha tatu, shuleni. Shuleni, Jeruto. Niko shule ya kutwa hapa Bumula, natembea kwenda na kurudi, na karatasi hii ni ya daftari la shule kwa sababu mimi ni mwanafunzi.

Baba alihamishiwa Webuye. Hatukuweza kulipa nyumba mbili, kwa hiyo nililetwa kwa Kukhu, na ikabidi nitafutiwe nafasi katika shule iliyo karibu. Ikapatikana Alhamisi, nikaanza Jumatatu. Hilo ndilo Kukhu alilowaambia. Tumepata mahali. Mahali, kwa herufi l. Kukhu ni Mbukusu wa hapa hapa. Ulimi wake hubadilisha l na r kama watu wengi wa huku, hata Tonny, na wewe umeusikia ulimi huo mara ngapi? Si Kukhu huyohuyo anayekuita Jeluto? Ulijua wewe ndiye Jeluto. Lakini mahari hukujua ni mahali.

Ningeweza kukueleza pia kwamba ingekuwa mahari, watu wangesema "nzuri", na mahali huwa "pazuri", lakini Kukhu alisema "mzuri", ambayo si ya huku wala ya kule, na hapo hata mimi sarufi yangu haiwezi kuwasaidia. Kukhu hana kosa. Yeye alisema jambo la furaha kwa namna anavyosema mambo yote. Mliosikia ni ninyi.

Nilimsomea barua yako. Kwanza alicheka akashika mlango. Halafu akaacha kucheka. Akasema, "Nimuoze nani? Huyu anayerara na kitabu?" Akataka simu awapigie saa hiyo hiyo, na kwa jinsi uso wake ulivyokuwa, niliificha simu kwenye debe la unga.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana jambo hili nimelifikiria njia nzima kutoka shuleni.

Neno ningeweza kuwasamehe. Mtu anaweza kusikia vibaya. Lakini tuseme mlisikia vizuri. Tuseme ilikuwa kweli. Mliamini kwamba mimi, nikiwa na miaka kumi na sita, nimetolewa shule nikapelekwa kwa mwanaume, na mahari imepokelewa. Mliamini hivyo, mkiwa wote mmekaa. Halafu mkafanya nini?

Mkashona shali.

Mama Kigen, ambaye akisikia mtoto analia njiani huacha chai yake akaenda kuangalia ni wa nani, alichukua mkasi akakata nyuzi za vipande vyangu. Gathogo, aliyeendesha lori la mahindi mpaka mpakani na anafahamiana na kila askari na kila chifu wa barabara hii, alinyamaza. Na wewe ulimtupia Tonny ndizi! Bumula si ng'ambo ya bahari. Pikapu inakuja kila Ijumaa. Hakuna aliyepanda. Hakuna aliyepiga simu akasema nipeni Nabwile niongee naye. Hata mmoja wenu hakuniuliza, "Nabwile, unataka?"

Ningekuwa kweli nimeozwa, ningeipokea shali hiyo nyumbani kwa watu nisiowajua, na ningesoma "kila mtu na safari yake", na ningejua kwamba hakuna anayekuja.

Hilo ndilo linaloniuma, si blanketi.

Nabwile Wekesa
Kidato cha Tatu

*

Kitale,
12 Julai 2025

Nabwile,

Habari ya huko. Huku mvua ni nyingi na mahindi yamenipita urefu. Tuko.

Najua ni wiki nyingi. Niliandika mara mbili nikararua, kwa sababu kila barua ilianza na "lakini". Hii pia iko na "lakini" yake, nimeiweka mwisho.

Barua yako niliisoma kwa sauti Jumamosi, mbele ya wote. Hukuniambia nisome, lakini niliona kama ni yetu sote. Nilipofika pale pa "mkashona shali", Gathogo alianza kufumua kipande alichokuwa nacho mkononi, polepole, na hakikuwa na kosa. Alifumua chote mpaka kikawa mpira wa uzi. Mama Kigen aliingia jikoni kuleta chai. Chai ilichemka ikafurika, tukasikia inazima moto, na yeye hakutoka.

Jumamosi iliyofuata hakuna mtu aliyekuja isipokuwa mimi. Nilikaa veranda peke yangu na viazi vitamu vya mama, nikala kimoja, nikarudi nyumbani.

Mwezi mzima ulipita hivyo. Halafu wiki jana Mama Kigen alinituma nimwite Gathogo. Tulipokaa alituambia kitu ambacho hata Kigen hajui. Nakuandikia vile alisema.

"Mimi nilitolewa darasa la saba. Siku waliponipeleka kwa mzee, hakuna mtu alinipa hata leso. Nilikwenda na sare ya shule chini ya nguo ya kuazima. Niliposikia Nabwile naye, nilisema huyu asiende mikono mitupu kama mimi. Nilitumia uzi mweupe niliokuwa nimemwekea mjukuu wangu. Sikufikiria kwamba watu wanaweza kwenda wakasimama mlangoni wakakataa. Kwangu hakuna aliyesimama. Sikujua ni kitu kinafanywa."

Gathogo alisema yeye alijua kinafanywa. Alisema alinyamaza kwa sababu aliona ni mambo ya wanawake na ya kabila lingine. Alisema hivyo akiangalia viatu vyake.

Mimi sina la kusema kama la Mama Kigen. Mimi nilikuwa na hasira na wewe, na hasira ni rahisi kuliko kupanda pikapu. Ningeuliza, ungejibu kwa dakika moja. Sikuuliza.

Sasa "lakini" yangu ndiyo hii. Wewe ulikuwa wapi Kukhu akipiga simu? Kama ulikuwa karibu, kwa nini hukuchukua simu ukasema wewe mwenyewe? Unaweza kuniandikia kurasa zinachoma mkono, lakini kuniambia "Jeruto, kwaheri" huwezi. Nilikuwa nastahili kwaheri. Hiyo pia iliniuma, kabla hata ya mahari.

Blanketi yetu imebaki na tundu katikati. Samahani, blanketi letu. Nilitaka kujaza na kijani, Mama Kigen akanipiga mkono na sindano. Alisema hapo pana mwenyewe. Kwa hivyo nakuandikia vizuri, na nimeangalia kwenye kitabu cha sarufi ndio nisikosee: mahali pako papo, hapajachukuliwa na mtu, panakungoja.

Turudishie vipande, tafadhali. Mke wa Kigen hawezi hata kufunga viatu sasa.

Jeruto

*

Bumula,
3 Agosti 2025

Jeruto,

Hujambo wewe, na mama, na Mama Kigen, na Gathogo? Sisi hatujambo. Kukhu anavuna njugu na mgongo unamsumbua, lakini hataki kuambiwa apumzike.

Hasira yangu haijaisha. Sitaki kukudanganya. Imekuwa kama sweta iliyofuliwa kwa maji ya moto: imekuwa ndogo, lakini imekaza.

Uliuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa nimesimama kando ya Kukhu, nimeshika ukingo wa meza. Mimi ndiye niliyemwomba apige, kwa sababu nilijua nikisikia sauti yako sauti yangu itakatika na mtasikia ninalia. Nilisikia kila neno alilosema. Alisema "mahari", na mimi nikasikia "mahali", kwa sababu nimelelewa na ulimi huo tangu nikiwa mgongoni. Ningekuwa nimesikiliza kwa masikio yenu, ningepokonya simu. Kwa hiyo, ndiyo, ulistahili kwaheri, na hukuipata. Nakubali hiyo. Usiichanganye na ile nyingine, hazilingani.

Maneno ya Mama Kigen niliyasoma peke yangu. Kukhu sikumsomea, kwa kuwa hayakuwa yangu ya kusoma kwa sauti. Lakini aliniona usoni, akauliza ni nini, nikamwambia tu kwamba yule mama wa Kitale alitolewa darasa la saba. Akakaa na ungo mapajani bila kupepeta. Halafu akachukua simu kutoka kwenye debe la unga (alijua siku zote iko wapi, hata alikuwa akiichaji) akaenda nayo shambani. Waliongea mpaka chaji ikaisha. Sijui walisema nini. Aliporudi alisema tu, "Ni mtu mzuri. Hakuwa na mtu." Asubuhi nikaona amepima debe moja la njugu akalifunga kwa ajili ya Jumamosi yenu.

Sasa kuhusu vipande. Nimekata matamvua meupe yote, nikayafumua, nikaukunja uzi. Huo ni wa mjukuu, umrudishie Mama Kigen, mwambie haukutumika. Vipande vya manjano ninavituma kwa Tonny pamoja na njugu. Utavishona wewe, si mwingine, kwa mkono wako uliokataa kushona shali. Kwa hilo la kukataa nilikupenda hata siku niliyokuchukia.

Ukivihesabu utaona kimoja hakipo. Ni kile chenye kosa kwenye kona, chako na changu. Nimebaki nacho, na sikitumi. Msikifumie kingine. Acheni tundu la kile kimoja, mlizungushie uzi ili lisifumuke, lakini mliache wazi. Siku moja mtoto ataingiza kidole pale na kuuliza kwa nini blanketi lake lina tundu. Nataka aulize. Na nataka mtu mzima wa pale, yeyote, asimwambie kwamba uzi uliisha.

Nilikuwa nimesahau kusema. Katika mtihani wa muhula nilikuwa wa kwanza Kiswahili. Swali moja lilitaka tueleze tofauti ya mahali na mahari. Nilijaza ukurasa mzima na mwalimu aliandika pembeni: "Mbona hasira?"

Wako,
Senge Nabwile

*

Kitale,
16 Agosti 2025

Kwa Senge Nabwile,

Salamu nyingi kutoka kwa mtu mdogo ambaye hajui kusalimu bado. Amezaliwa Jumatano. Ni msichana. Wamemwita Chepkosgei, na kilio chake kinasikika mpaka kwenye maghala.

Nilishona vipande vyako usiku mmoja na asubuhi mbili, na nimejidunga mahali pengi. Gathogo alizungushia tundu uzi wa kahawia, vitanzi vidogo vidogo, kama mtu anashona jeraha. Alipomaliza alisema yeye ndiye "mama" wa mtoto na mtu asiyetaka aseme sasa. Njugu za Kukhu zilikwisha siku hiyo hiyo. Mama Kigen alikula zaidi ya wote na maganda akayaweka mfukoni, sijui ya nini.

Leo tulimfunika Chepkosgei kwa mara ya kwanza. Alirusha miguu kama wanavyorusha, na mguu mmoja ukatokea pale kwenye tundu, vidole vyote vitano nje. Mama yake alicheka, akatuuliza, "Na hapa ni vipi, mlikosa uzi?"

Mimi nilimwangalia Mama Kigen. Aliweka kikombe chini. Akavuta kiti karibu na kitanda, akamwambia Kigen naye aingie na akae. Akaanza, "Mimi nilitolewa darasa la saba."

Kukhu yako alipiga jana. Alisema shule inafunguliwa tarehe ishirini na tano na kwamba kabla ya hapo unaweza kuja "kurara" kwa Mama Kigen siku moja. Mama Kigen alimwambia arudie. Akarudia. Akamwambia arudie tena. Kukhu akasema yeye si redio.

Kwa hivyo sisikii kwa Kukhu, na simuulizi Tonny, hata akinipa ndizi. Nakuuliza wewe.

Nabwile, unataka kuja Jumamosi?

Pacha wako,
Jeruto